Kifua cha Upande Mmoja

Ukitaka kujua jinsi wanaume wawili wazima, wenye wake na watoto, walivyonuniana karibu mwaka mzima kwa sababu ya kunyanyua chuma, lazima kwanza uufahamu ua wa Warfa. Ulikuwa mjini Isiolo, mtaa wa Wabera, nyuma ya duka la mafuta ya taa, ua mpana unaonuka dizeli, na humo ndimo lori lake lilimolala kila liliporudi kutoka Merti au Garba Tula. Babu yake Warfa, Msomali, aliletwa Isiolo na jeshi la Mzungu, akaachiwa kofia na ruhusa ya kukaa. Baba yake akafuga ng'ombe, akauza ng'ombe akanunua lori. Warfa yeye akarithi lori, ua, na wembamba wa ukoo mzima.

Rafiki yake Yattani hakuwa mnene kumshinda. Huyu alikuwa Mborana, mzaliwa wa Biliqo aliyeletwa mjini angali mdogo, na sasa alikaa mtaa wa Kiwanjani akifanya biashara ya mbuzi na ng'ombe. Alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko cha karibu. Wawili hao walikuwa chanda na pete tangu siku walizokalia jamvi moja chuoni wakisoma Kurani, na hakuna aliyewahi kumwona mmoja hotelini bila kumwona mwenzake.

Hoteli yenyewe ilikuwa ya Kanana, mama wa Kimeru mwenye chai nzito na ulimi usio na breki. Asubuhi moja ya mwaka wa themanini na tano waliingia pamoja, na Kanana akawatazama kutoka jikoni, akasema wateja wote wasikie, "Nyinyi wawili mkipita hapo kwa mlango pamoja, hata pazia haisikii." Watu wakavunjika mbavu. Wao pia walicheka, maana wangefanya nini? Lakini kicheko cha Warfa kiliishia mdomoni. Mtu anaweza kuwa na lori na mke mzuri na bado akakosa usingizi kwa ajili ya pazia.

Wiki hiyohiyo wakatengeneza chuma. Waliokota ekseli ya lori lililokufa, wakachagua dram mbili za breki kwenye rundo la vyuma chakavu, wakazilinganisha kwa macho: upana mmoja, matundu sawa. Fundi akazichomelea, moja kila ncha ya ekseli, akazipaka rangi ya kijani mpaka zikafanana kama pacha. Kisha wakasimika nguzo mbili fupi zenye panda, wakalaza chuma chao juu ya panda hizo, na chini yake wakaweka ubao wa kulalia. Kivuli kilikuwa sehemu moja tu, kona iliyobanwa kati ya tangi la maji na ukuta, na hapo ndipo walipoweka kiwanda chao cha kutengeneza wanaume.

Ubao uliwekwa kichwa kikielekea kaskazini. Hilo halikujadiliwa hata kidogo. Kwa mtu wa Isiolo kaskazini ndiko Kibla, na wote wawili walilelewa kwamba miguu hainyooshwi kuelekea Kibla, iwe unalala usingizi au unasukuma dram za breki. Kwa hiyo aliyelala pale alilala vilevile kila siku: kichwa Kibla, tangi mkono wa kulia, ukuta mkono wa kushoto.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya raha tupu. Alasiri Warfa akilala ubaoni na kusukuma, Yattani alisimama upande wa kichwa, mikono tayari chini ya chuma, akipiga kelele, "Bado moja! Bado moja!" hata zilipokuwa zimebaki tano. Wakimaliza kifua, walichuchumaa na gunia la mchanga mabegani, kisha wakavuta ndoo za mawe kwa kamba. Halafu wakala nyama, wakanywa maziwa ya ngamia, wakashikana mikono wakilinganisha unene wake. Kulikuwa na nyama kidogo mifupani, na wao walijiona majabali.

Kisha Yattani akachoka na mazoezi yaleyale. Kila alipofika alikuwa na jipya. Leo tusukume lori likiwa limezimwa. Kesho tubebe ndama. Keshokutwa tuning'inie kwenye tawi la mgunga, na mgunga una miiba. Warfa hakutaka. Yeye alikuwa na mazoezi yake matatu na makopo ya mchanga aliyoyafunga kwa waya kwenye ncha zote mbili za chuma, na furaha yake ilikuwa kuongeza mchanga, si kuongeza mazoezi.

"Mwili ni kama mifugo, jaala," Yattani alimwambia, akimwita rafiki kwa Kiborana kama kawaida yake. "Ukiacha ng'ombe kwa nyasi moja, nyasi inaisha, ng'ombe inakonda. Lazima uhame. Leo hapa, kesho kule."

"Mimi ni dereva," Warfa akajibu, naye akimwita ndugu kwa Kisomali. "Hii njia ya Merti nimepita mpaka najua shimo kwa shimo. Ndiyo maana nafika. Wewe kila siku unatafuta njia mpya. Utafika lini, walaal?"

Mtu mwenye akili tulivu angesikia kwamba kila mmoja ana nusu ya ukweli. Bahati mbaya siku hizo hakukuwa na mtu mwenye akili tulivu katika ua ule. Maneno yakatoka uani yakaingia hotelini kwa Kanana, na hapo yakapata wasikilizaji, na ubishi ukishapata wasikilizaji huwa haurudi nyumbani salama.

"Warfa ni punda ya maji," Yattani akawaambia watu, akicheka. "Asubuhi mtoni, jioni mtoni, na bado ni punda."

Hoteli ikaangua kicheko. Warfa akahisi masikio yakimwaka moto. "Na wewe mwili yako ni nyumba ya kupanga," akasema. "Kila zoezi inalala siku moja, inahama, haiachi hata sufuria."

Kicheko cha pili kikawa kikubwa kuliko cha kwanza. Yattani hakucheka. Aliinuka, akaacha chai yake nusu kikombe, akatoka. Kanana aliitazama ile chai kwa muda kabla ya kuimwaga, kwa kuwa hakuwa amewahi kuona Mborana akiacha chai yenye maziwa.

Kuanzia siku hiyo Warfa akafanya mazoezi peke yake. Msikitini walipokutana walipeana salamu, kwani salamu ni haki ya Mwislamu, lakini mikono yao iligusana na kuachana haraka kama iliyogusa sufuria ya moto. Warfa alijiambia kwamba hajali. Alijiambia hivyo kila alasiri alipolala ubaoni, akasukuma, akafika pale ambapo mikono inatetemeka na pumzi inakata, na hakukuwa na mtu wa kusema bado moja. Wakati mwingine alijisemea mwenyewe, kwa sauti ya chini, na aliona haya kama kwamba tangi la maji lilikuwa likimsikiliza. Alimkosa Yattani, na kumkosa huko kulimkera kuliko matusi ya punda.

Faraja yake ilikuwa kifua. Kifua kilikua, hilo hata adui asingelikana. Mashati yakambana, wapakiaji wa magunia sokoni wakaanza kumwita bwana mkubwa, na Warfa akaona dunia nzima ikimpa ushindi. Huku nyuma alisikia kwamba Yattani sasa anaruka kamba. Kisha kwamba ameacha kamba, anapanda kilima mbio akiwa na jiwe. Kisha kwamba jiwe nalo limeachwa. Warfa akatabasamu. Usibadilishe kitu, ndiyo ilikuwa dini yake ya pili.

Jambo moja tu aliliona na hakulijali. Chuma kilipenda kumvuta upande wa kulia, upande wa tangi, ikabidi mkono wa kulia ufanye kazi zaidi ili kisiiname. Akalifikiria, akaona ni sawa kabisa. Mkono wa kulia ndio wa kula, ndio wa salamu, ndio wenye baraka. Ungeachaje kufanya kazi zaidi? Akaridhika na jibu lake, akaongeza mchanga.

Ilipokaribia Idi ya kuchinja ya mwaka wa themanini na sita, mkewe Ebla akatoa cherehani yake kumshonea shati la sikukuu. Ebla alikuwa fundi wa kutegemewa. Nusu ya wanawake wa Wabera walivaa mkono wake, na alijua kipimo cha mumewe bila kukishika. Akakata kitambaa cheupe, akashona, akamwita ajaribu. Shati likakaa kombo. Vifungo vilikimbilia kulia, na kushoto kitambaa kikakunjana.

"Mkasi umenidanganya," Ebla akasema, akalifumua.

Akashona tena. Likakaa kombo vilevile. Safari hii akafumua akiwa ameuma mdomo, maana fundi anayekosea mara mbili huanza kuogopa macho yake. Aliposhona mara ya tatu na vifungo vikakimbia tena, akamvua Warfa shati, akachukua mkanda wa kupimia, akapima kuanzia katikati ya kifua kwenda kulia. Akapima kwenda kushoto. Akapima tena kulia. Kisha akaketi juu ya kitanda, akaziba mdomo kwa ncha ya shashi yake ya kichwani, mabega yakaanza kutikisika.

"Nini?" Warfa akauliza.

"Baba Deqa," Ebla akasema, machozi ya kicheko yakimtoka, "mimi nimeolewa na wanaume wawili. Huyu wa kulia ni bwana mkubwa. Huyu wa kushoto ni yule mwembamba wa zamani. Sasa huyu wa kushoto hata sikumwambia kwaheri, na kumbe bado yuko!"

"Mkanda wako umevutika."

"Mkanda? Kuja hapa." Akamvuta mpaka mbele ya kioo cha kabati, akamsimamisha pale. Warfa alikuwa amejitazama katika kioo kile mara nyingi, lakini siku zote alisimama kidogo upande, mkono wa kulia mbele, kama wanavyosimama wanaume wanaojipenda. Sasa alisimama wima kama mtuhumiwa. Akaona. Kulia nyama imejaa hadi begani, kushoto imebaki nyuma, na bega lenyewe limeshuka.

Alitoka nje bila shati. Akafunga kamba katikati kabisa ya ekseli, pale fundi alipokuwa amepiga alama, akaipitisha kwenye boriti ya kibanda cha tangi, akavuta kwa nguvu zote mpaka chuma kikaning'inia juu ya panda zake. Akayafungua makopo ya mchanga asije akayasingizia. Dram ya upande wa tangi ikashuka polepole, ikatulia chini, na ile ya upande wa ukuta ikapanda juu kama iliyoitwa.

Akapapasa ndani ya ile ya ukutani, mahali rangi ya kijani haikufika. Ilikuwa imeliwa. Miaka na miaka ya breki kwenye lori la mtu mwingine ilikuwa imeikwangua chuma cha ndani, nje ikabaki nzima. Warfa, aliyebadilisha dram nyingi maishani mwake, alijua vizuri kwamba dram huliwa ndani. Lakini siku ile ya kuchagua hakuwa akitafuta breki, alikuwa akitafuta kifua, na hakuingiza hata kidole. Na kwa kuwa miguu haielekei Kibla, hakuwahi hata siku moja kulala upande wa pili.

Akashika tama. Dawa ilikuwa rahisi: kukigeuza chuma, dram nzito iende ukutani, halafu kila mwezi ukiandama kukigeuza tena. Lakini dram zilikuwa zimechomelewa, hazitoki, na kona ilikuwa finyu. Kukigeuza kulihitaji kukiinua, kukitoa hadi katikati ya ua, kukizungusha na kukirudisha. Akajaribu peke yake. Chuma kikamburuta, kikakwaruza ukuta, kikamwangukia karibu na kidole cha mguu. Alipokirudisha kwenye panda alikuwa anahema, na ugoko unatoka damu.

Ebla alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa anacheka tena. "Muite Yattani," akasema.

"Nitaita wapakiaji."

"Wapakiaji wataona kifua, kesho Isiolo yote itajua. Yattani pia atacheka. Lakini yeye akicheka utapona." Akamrushia shati lake la kazi. "Mimi nimechoka kuishi na mtu anaongea na tangi."

Kumbe alikuwa akimsikia siku zote. Warfa akavaa shati, akapiga moyo konde, akaenda soko la mifugo.

Soko lilikuwa limefurika mbuzi wa Idi. Vumbi, milio, watu wakishikana mikono chini ya shuka kupatana bei. Yattani alikuwa katikati ya kundi lake, fimbo mabegani, akimwapia mteja kwamba beberu fulani ni mchanga. Alipomwona Warfa akamgeukia.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam."

"Nagaa?" Warfa akaongeza, salamu ya amani ya nyumbani kwao Yattani, waliyosalimiana nayo tangu utotoni.

Yattani akaitikia. "Nagaa."

"Nataka kugeuza kile chuma. Inataka watu wawili."

"Kugeuza?" Yattani akasema. "Si wewe uliapa hubadilishi kitu?"

Warfa alikuwa ameandaa maneno njiani, maelezo marefu kuhusu fundi na rundo la vyuma chakavu. Akayaacha yote. Akafungua vifungo vya shati palepale, katikati ya mbuzi. Yattani akakodoa macho. Akaweka fimbo chini, akamsogelea, akamshika kifua kama anavyoshika fahali kabla ya kutaja bei: akabonyeza kulia, akabonyeza kushoto, akazunguka nyuma akatazama mabega, akarudi mbele akabonyeza tena. Warfa alisimama akingojea kicheko, meno yameumana.

"Huyo anauzwa bei gani?" mteja wa beberu akauliza.

"Nusu bei," Yattani akasema, na hapo kicheko kikamshinda. Alicheka akishika magoti, akacheka mpaka mbuzi wakatawanyika, na Warfa alipomsikia akicheka vile, kicheko cha zamani kisicho na sumu, naye kikamtoka, na kikashuka hadi tumboni.

Yattani alipopata pumzi akajifuta macho, akainua fulana yake juu. Kifua chake kilikuwa kilekile cha siku ya pazia. "Angalia basi na wewe ucheke," akasema. "Tangu tuachane nimeruka kamba, nimebeba jiwe, nimebeba ndama, nimesukuma kila kitu iko na magurudumu. Kila kitu siku nne, siku tano, naacha. Jana Kanana ameniuliza kama niliugua malaria." Akaishusha fulana. "Ng'ombe pia haihami kabla nyasi iishe, jaala. Hiyo mimi nilisahau kukuambia."

"Na mimi ningehama kidogo," Warfa akasema. "Hata kugeuza chuma tu."

Kabla ya magharibi walikuwa uani. Walikiinua chuma pamoja, huyu ncha hii, huyu ncha ile, wakakitoa, wakakizungusha kando ya lori wakigombana kuhusu nani aende kinyumenyume, wakakirudisha dram nzito ikiwa upande wa ukuta. Wakapatana pia, bila shahidi na bila kelele: mazoezi makubwa matatu yatabaki, na hayaguswi mpaka mchanga ukatae kabisa kuongezeka wiki kadhaa mfululizo. Yale madogo ya mikono na mabega Yattani ataruhusiwa kuyabadilisha kila miezi miwili ikiandama, wala si mapema zaidi, hata aje na wazo zuri namna gani. Ndama amekatazwa.

Warfa akalala ubaoni, kichwa Kibla. Alikuwa amerudisha makopo yote ya mchanga, kwa kiburi kilichobaki. Akakiondoa chuma kwenye panda, akakishusha kifuani, akasukuma. Mkono wa kulia ukapanda. Wa kushoto, ambao mwaka mzima ulikuwa ukibebewa na ndugu yake, ukapanda kidogo, ukasimama, ukaanza kutetemeka. Chuma kikainama upande wa ukuta. Chuma alichokuwa akikinyanyua peke yake kila siku sasa kilikuwa kinamlemea mbele ya mtu yuleyule aliyemwita punda.

Vidole vya Yattani vikaja chini ya ekseli. Havikuvuta. Vilikaa tu pale, vikigusa.

"Usiondoke," Warfa akasema, pumzi imemkata.

"Niende wapi?" Yattani akasema juu yake. "Si umesema kitu nzuri haibadilishwi? Sukuma. Bado moja."

Zilikuwa zimebaki nyingi, na wote wawili walijua. Warfa akasukuma.